Kibali cha Siku Tatu

Droni imelala sandukuni, miguu imekunjwa kama panzi,
chini ya kitanda changu, lojini Sembabule.
Betri nne nimezichaji, zikaisha zenyewe, nikazichaji tena.
Tangu Juni.

Juni ndiyo yenyewe. Juni nyasi za Bigo hukauka
ila pale mtaro wa kale ulipojaa udongo mzito:
pale hubaki mstari wa kijani, mwembamba,
kama mshono kwenye kanzu iliyofumuliwa.
Ukiwa chini huuoni. Ukiwa juu, mita sitini,
unasoma boma zima, na lango,
na pale walipochoka wasimalizie.

Nilipeleka barua Entebbe, Mamlaka ya Anga.
Mamlaka wakaniambia: Ulinzi kwanza.
Ulinzi wakaniambia: Mambo ya Kale kwanza.
Mambo ya Kale, Mama Kabajungu, kalamu imechomekwa nyweleni,
akasema, mwanangu, sisi tunawasubiri Mamlaka.
Nikala roleksi ngazini, nikaanza upya.

Novemba jibu likaja, mihuri mitatu, ule wa zambarau umefifia.
Nililisoma kwa sauti, nikajikuta nalighani:

    Urushe kwa siku tatu, usizidishe ya nne,
    usipige picha watu, wala ng'ombe wa wengine,
    uandamane na mtu, kila picha aione,
    ramani ni mali yetu, nenda hapo, si pengine.

Sheria ina mizani. Mvua haina.
Novemba nyasi zanifika kifuani,
kila mahali kijani,
mshono umepotelea ndani ya kitambaa.

Koplo Okwir alikuja Jumatatu kwa pikipiki, buti mpya,
Kiswahili chake cha kambini, changu cha mitihani.
"Nyuki yako iko wapi?"
Nikamfungulia sanduku. Hakuigusa.
Nikarusha. Ikapanda na kelele yake ya koo kavu,
ng'ombe wa Rutaremwa wakainua vichwa, kichaka kizima cha pembe,
na skrini ikanionyesha kijani, kijani, wingu, kijani.
Nikazilaani ofisi zote, moja moja, kwa majina.

Nilipogeuka, Koplo alikuwa amechuchumaa.
Akajifanya anafunga kamba za buti.
"Kwetu, nje ya Lira," alisema, bila kuinua uso,
"kitu kikinguruma juu
mama alimwaga maji jikoni kwanza, ndipo akatutafuta sisi.
Moshi ndio uliokuwa unatuuza.
Hakuna aliyetuandikia barua
kuuliza kama paa letu laweza kutazamwa.
Basi mimi hiyo karatasi yako
naipenda kidogo."

Sikuwa na jibu. Bado sina.
Miezi mitano ni mingi kwa karatasi moja,
na Juni haikunisubiri.

Jumanne hatukurusha. Tulichukua futi kamba,
yeye ncha moja, mimi ncha ya pili,
Rutaremwa mbele akipasua nyasi kwa fimbo:
hapa ng'ombe hujikwaa, hapa hapana,
hapa maji hukaa hata kiangazi.
Mita mia mbili na kumi kwa siku nzima. Kupe saba.
Nilizokusudia kuzipima kwa dakika kumi na nane.

Jumatano, chini mtaroni, uwanda ukiwa juu ya vichwa vyetu,
Koplo akasimama, akapima kwa macho:
ukuta, kinamasi cha Katonga, njia moja tu ya kuingilia.
"Hawa nao," akasema,
"walitaka kujua nani anakuja."

Akaniomba daftari. Kibali kinataka sahihi yake
kwenye kila picha, na picha hatuna,
kuna mchoro wangu wa penseli, umelowa pembeni.
Akaugeuza, akaugeuza tena, akatafuta pa kutia jina.
Alisaini langoni.